Klabu ya wasichana imefungwa mtaani. Tuambiane ukweli, ni nini hasa kilikuwa kinasaidia kuzuia mimba za wasichana wadogo?

#1 NyarNyalenda
Habari zenu. Niko Kisumu, Nyalenda. Miaka 6 nimekuwa menta wa klabu ya wasichana, kila Jumamosi saa nne mpaka saa saba, kwa chumba cha mabati ambacho mradi ulikuwa unatukodishia. Mradi ulilipa kodi, pedi, soda na mkate, na kitu kidogo cha nauli yetu sisi mamenta. Mapema 2025 pesa ikakatika tukaambiwa turudishe ufunguo. Mimi nikabaki na daftari la mahudhurio peke yake. Lina majina 34, wa mwisho kuandikwa alikuwa na miaka 11.

Juzi nimekutana na mmoja wao Kibuye sokoni. Saa saba mchana, na jua la Kisumu mnalijua, mtoto amevaa sweta ya shule ile nzito, amefunga vifungo vyote, na shule zimefungwa. Amenisalimia vizuri tu akiwa ameshikilia kikapu mbele ya tumbo. Hakusema kitu na mimi sikuuliza. Nimerudi nyumbani nikafungua daftari, 2024 nzima alikosa Jumamosi 2 pekee.

Nataka kuifungua tena hiyo klabu bila mfadhili, kwa hivyo siwezi kufanya yote. Ni pedi? Ni mafunzo? Ni kuongea na wazazi? Kama ni kitu kimoja tu nishike, nishike kipi? Naomba watu walioona kwa macho yao ndio wajibu.

#2 Mwalimu_Njoro
Pole dada. Mimi nafundisha huku Njoro, junia sekondari, na jibu langu ni pesa ndogo ndogo. Nasema shilingi 50, shilingi 100. Ukitaka kujua msichana gani ako hatarini angalia sketi. Ukifungua pindo kushusha sketi panabaki mstari wa ile rangi ya zamani, buluu iliyokolea, haitoki hata ukifua aje. Nilikuwa na msichana sketi yake ina mistari 3, yaani imeshushwa mara tatu na bado iko juu ya goti. Akiitwa ubaoni hataki kuinuka, anakaa tu akiivuta. Akaanza kukosa Jumatatu, halafu akawa anakosa zile siku zake za mwezi, halafu akakosa kabisa, na mtoto akiwa nje ya shule mchana kutwa unafikiri anakutana na nani? Sheria ya pedi za bure shuleni ilipita 2017 lakini kwetu zinakuja kwa bahati, muhula huu ziko, ule mwingine hakuna. Nunua pedi na yunifomu. Maneno tutawaambia sisi darasani.

#3 BabaShiru_Naks
Mwalimu nakuheshimu lakini hapo siko na wewe. Binti yangu hakosi kitu. Pedi ziko, viatu jozi 2, nauli kila asubuhi, na bado mwaka jana nilikaribia kumpoteza. Kuna mwanamume wa miaka kama 40 alikuwa anamtumia bando ya shilingi 20 kila jioni. Shilingi 20! Si ati nilikuwa sina hiyo pesa, mimi nilikuwa sijui anahitaji bando kwa sababu hatukuwa tunaongea, naingia usiku nimechoka nauliza umekula, umesoma, basi. Mambo ya mwili yalikuwa kazi ya mama yake na mama yake alituacha 2019. Nyar Nyalenda ukiniuliza mimi, hao wasichana waache kidogo, tafuta wazazi wao uwakalishe chini. Sisi ndio hatujui kuongea.

#4 OmwanaWaIngo
Huku Kakamega hata tusizungushane, ni disko matanga. Mtu akifa spika zinaletwa, jenereta inawashwa, usiku mzima, wenye mazishi wanasema wanachangisha pesa ya jeneza. Mtoto anaaga nyumbani ati anaenda kukesha na nyanya. Chifu anapiga marufuku, kesho yake inapigwa kijiji cha pili upande ule wa mto. Hesabu mazishi ya Disemba halafu nenda wadi ya akina mama mwezi wa tisa. Funga hizo disko kwanza, pedi baadaye.

#5 JamaaWaSteji
Kabla mtu ataje bodaboda wacha nijitaje. Niko steji moja hapa Kaptembwo, mwaka wa 9 huu kwa pikipiki. Ni kweli. Haianzi na ubaya, inaanza na mvua. Msichana ametoka shule kunanyesha hana nauli, unamwambia panda utalipa kesho. Kesho hana. Siku ya tatu deni ni 150 na jamaa anajua, na msichana anajua, hapo ndio mambo yanaharibikia. Kwa steji yetu tulikaa tukasema msichana wa shule habebwi kwa deni, ama unambeba bure na unasema mbele ya wengine umembeba bure, ama haumbebi. Ukipatikana ni faini 500 na wiki moja nje ya steji. Hakuna mradi ulituambia, ni vile mtoto wa mwenzetu aliharibiwa na jamaa wa steji nyingine tukaona ule uchungu wake kila siku pale tukingoja wateja.

#6 OmwanaWaIngo
Jamaa wa steji heshima sana mkubwa. Lakini 500 si ni mafuta ya siku moja tu, ongezeni ifike 5,000 watu waogope!

#7 JamaaWaSteji
Ingo ukiweka 5,000 hakuna mtu atamsema mwenzake, watafichana. Ile 500 inaumiza kiasi lakini watu wanasema.

#8 WakiliMtaani
Mazuri mnayosema, lakini naomba niweke kitu wazi maana naona watu wanasema "ameharibiwa" halafu wanaendelea na maisha. Mwanamume mzima kulala na mtoto chini ya miaka 18 ni jinai Kenya, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 8. Mtoto akiwa wa 11 kushuka chini ni kifungo cha maisha. 12 mpaka 15 ni miaka 20 kwenda juu. 16 na 17 ni miaka 15 kwenda juu. Na mzazi akisema "tumeshaelewana, natoa kesi", hana hiyo nguvu. Kifungu cha 40 kinasema uamuzi wa kusimamisha kesi si wa polisi wa kituo wala wa familia, siku hizi uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Kwa hivyo kama unaniuliza kitu kimoja, ni kesi ziende mpaka mwisho. Mwanamume mmoja wa mtaa akifungwa, wengine wote wanajifunza bila semina.

#9 KijanaBondeni
Wakili mimi niko na swali na usinikasirikie. Kijana wa 17 na msichana wa 16, wote kidato cha tatu, wamependana, mimba imekuja. Huyo kijana naye miaka 15 ndani? Nina ndugu yangu aliingia hivyo. Alikaa rumande miezi 7, akatoka dhamana, shule ndio iliisha. Kila siku mradi wa wasichana, wasichana, sisi tunaitwa tu siku ya kukamatwa. Hakuna mtu amewahi kukaa na mimi akaniambia kitu chochote kuhusu haya mambo, nilijulia TikTok na kwa masinia wa shule.

#10 WakiliMtaani
Sikasiriki ndugu, umeuliza kitu kizito. Mwaka 2019 majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa walisema kwa uamuzi wao kwamba nchi ijadili hiyo miaka, kwa sababu jela zimejaa vijana kama huyo wako. Mjadala ukazuka ukatulia, sheria iko vile vile. Binafsi naona kuna tofauti kubwa kati ya vijana wawili wa rika moja na mtu wa miaka 40 mwenye bando. Lakini mtu asishushe miaka kwa sababu ya vijana halafu akawafungulia wababa mlango.

#11 Mama_Omena
Nawasalimu wote. Mimi nauza omena, nimekaa upande wa Mbita miaka mingi kabla nihamie Kisumu. Wakili nasikia unavyosema na ni kweli, lakini njoo bichi uone kesi inavyokufa. Baba wa msichana ni maskini, mwanamume ana mashua. Mzee wa mtaa anaitwa, wanakaa chini ya mti, inaongelewa mbuzi ama ng'ombe, jioni yamekwisha. Msichana mwenyewe haulizwi. Mama yake naye anafikiria, huyu mtu akifungwa nani atanipa samaki kesho? Maana hata sisi wakubwa tulikuwa tunanunua samaki kwa jaboya, mvuvi hakupi samaki mpaka umpe mwili wako. Sasa msichana wa miaka 14 anayetumwa na mama yake kuchukua samaki alfajiri, nani amemfundisha? Mimi sisemi kwa kulaumu, nilikuwa mmoja wa hao kina mama. Ndiyo maana Homa Bay ni namba moja Kenya nzima kwa hizi mimba. Mpe mama biashara yake, hata mtaji wa 3,000, binti hatatumwa alfajiri.

#12 TakwimuTu
Mama Omena asante kwa kusema hayo, si rahisi. Nikusahihishe tu pale mwisho. Homa Bay si namba moja. Ule uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2022 unaonyesha Samburu asilimia 50, Pokot Magharibi 36, Marsabit 29, Narok 28. Homa Bay na Migori 23, Siaya 21. Tena Homa Bay 2014 ilikuwa 33, yaani imeshuka sana. Nchi nzima ilikuwa 18 ikawa 15. Nyeri na Nyandarua ziko 5. Na mkumbuke hizo ni za wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kushika mimba, kwa hivyo kuna wa 19 aliyeolewa humo ndani, na yule wa 13 wala hahesabiwi.

#13 Mama_Omena
Asante mwanangu kwa kunirekebisha. Nimefurahi kusikia imeshuka. Lakini imeshushwa na nini?

#14 Nesi_Siaya
Mama hapo ndio penyewe. Sisi wa afya tutasema ni huduma, walimu watasema shule, wa miradi watasema miradi. DREAMS, ule mradi wa wasichana wa pesa za Marekani, ilianza huku 2015, Siaya, Homa Bay, Kisumu na Nairobi, wasichana wa 10 mpaka 24, na ilikuwa inafanya yote pamoja, karo, vikao, kupima, kuongea na wazazi, kwa hivyo hata ukiniuliza kipande gani kilifanya kazi siwezi kukikatia.

Nitasema ninachokiona mezani kwangu. Msichana anakuja siku ya 5 ananiuliza P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. P2 ni ya ndani ya saa 72, na ukiimeza mapema ndio inafanya kazi zaidi, siku ya 5 nguvu yake imepungua sana. Wengine wameambiwa na rafiki kwamba ukinywa Panadol na majani ya chai ya rangi inatoka. Wengine wanaogopa sindano ya miezi 3 kwa sababu wamesikia inafunga kizazi milele, na kijiti ati kinatembea mwilini mpaka moyoni. Haya si maneno ya watoto, wameyatoa kwa mama zao. Hiyo Jumamosi yako dada ilikuwa mahali pekee mtu angeweza kuuliza swali la kijinga na asichekwe. Mimi naona maarifa.

#15 BabaShiru_Naks
Nesi samahani, hiyo P3 inapatikana duka la dawa ama lazima mtu aende hospitali?

#16 WakiliMtaani
Baba Shiru, P3 ni fomu ya polisi! Hiyo utaipata kituoni, na ni bure, ukiitishwa pesa kataa 😂

#17 Nesi_Siaya
Baba Shiru umetuchekesha lakini swali ni zuri. P2 iko duka la dawa na kwenye vituo vya serikali. Na usisahau, kama mtoto amelazimishwa, usimpe P2 nyumbani ukanyamaza. Mlete hospitali ndani ya hizo saa 72, kuna dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi pia, na ushahidi unachukuliwa, asioge wala asifue nguo kabla. Nambari ya watoto ni 116, ya dhuluma za kijinsia ni 1195, zote bure.

#18 MchungajiK
Bwana asifiwe. Nimesoma yote kimya. Nitasema ambalo halijasemwa. Watoto hawa wameachiwa kila kitu isipokuwa sababu ya kungoja. Zamani ilikuwepo ile kampeni ya Nimechill, vidole viwili juu, hata kama ilitoka kwa watu wa afya ilikuwa na kitu, ilimwambia kijana unaweza kusema la na ukabaki mjanja. Kanisani kwetu tuna kundi la vijana 40 na zaidi, wanaimba, wanacheza mpira, wanalima shamba la sukuma wiki wanauza. Miaka 3 mimba moja. Sisemi ni maombi peke yake, nasema wana kazi ya kufanya na mtu mzima anayewajua kwa majina.

#19 KijanaBondeni
Mchungaji na yule mmoja aliyepata mimba, yuko bado kwa kwaya?

#20 MchungajiK
Aliacha kuja. Tulimsimamisha kuimba kwa muda, ndio desturi yetu, hakurudi. Umeniuliza vizuri. Nimekuwa nikilifikiria hilo.

#21 TakwimuTu
Narudi kwa swali la mwenye uzi kwa sababu kuna watu walilijaribu hapa hapa magharibi, na ni kama hakuna anayelijua. Mwaka 2003 walichukua shule za msingi 328 za Bungoma na Butere-Mumias wakazigawa kwa bahati nasibu. Shule zingine wanafunzi wa darasa la 6 walipewa yunifomu ya bure, na ya pili baada ya mwaka mmoja na nusu kama bado wako shuleni. Zingine walimu walifunzwa kufundisha somo la ukimwi, lile la kusema mngoje ndoa. Baada ya miaka 3, palipo na yunifomu pekee wasichana waliopata mimba walishuka kutoka 16 kwa 100 mpaka 13. Palipo na mafunzo ya walimu pekee mimba hazikupungua, ila waliopata walikuwa wameolewa zaidi.

Sasa ngoja. Katika shule 71 za hizo hizo, 2004, alikuja mtu mara moja tu, dakika 40 kwa darasa la 8, akaandika ubaoni viwango vya virusi vya ukimwi mjini Kisumu kwa umri, wavulana wa rika lenu hivi, wanaume wa miaka ya 30 hivi. Basi, akaenda. Mwaka uliofuata mimba zilikuwa chini kwa asilimia 28 kwa hizo shule. Wasichana waliwaacha wababa. Hawakuacha mapenzi, waliacha wababa.

Kwa hivyo Mwalimu uko sawa na Nesi uko sawa na mimi siwezi kuwachagulia.

#22 Webuye_Finest
Subiri subiri! Mimi nilipewa hiyo yunifomu! Nilikuwa darasa la 6 huku Bungoma 2003, walikuja wakatupima kwa kamba, tukaletewa mpya bado zinanuka kitambaa. Sikuwahi kujua ilikuwa ya kutafitiwa. Nilifikiri ni mbunge 😂. Mimi nilikuwa wa 5 nyumbani, kila nguo niliyovaa ilikuwa imevaliwa na watu 4. Hiyo ndio ilikuwa nguo yangu ya kwanza mpya. Nilikuwa naivua nikifika nyumbani naikunja chini ya godoro ili ipate mistari ya pasi. Mwalimu Njoro amenikumbusha mbali na hiyo mistari ya pindo. Mtoto wangu wa kwanza nilimpata na miaka 24.

Lakini niseme ukweli, dada yangu aliyenifuata pia alikuja kuipata na akapata mimba darasa la 8. Nguo moja, nyumba moja.

#23 Mwalimu_Njoro
Webuye hii posti yako nitaichapisha niibandike ofisini. Sasa mnaona? Nguo inamweka darasani, darasa linamweka mbali na hao watu. Hata wakati wa korona tuliona, shule zilifungwa Machi 2020, wengi hawakurudi mpaka Januari 2021.

#24 TakwimuTu
Kweli Mwalimu, kuna utafiti wa Siaya, shule 12 za sekondari, waliolinganisha waliofungiwa na korona na waliomaliza kabla, hatari ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule ilikuwa mara mbili.

#25 OmwanaWaIngo
Na wakati huo wa korona disko zilikuwa zinapigwa mchana!! Mimi sibadilishi msimamo.

#26 Nilirudi
Nimekuwa nikisoma tu hapa jukwaani mwaka mzima, sijawahi kuandika. Nitaandika mara moja.

Nilipata mimba nikiwa na miaka 16, kidato cha pili, Kisumu. Yunifomu nilikuwa nayo. Pedi nilikuwa nazo. Nilikuwa kwa klabu kama ya Nyar Nyalenda na nilijua kila kitu, ningeweza hata kuwafundisha wengine, nilishika nafasi ya kwanza kwa maswali ya chemsha bongo nikapewa mkoba. Kwa hivyo mtu asiniambie ni kutojua. Aliyenipa mimba alikuwa mtu wa kunisaidia hesabu, jirani, amemaliza chuo, mama alimwamini kabisa. Nilijua kusema la, tulifanya mazoezi ya kusema la, wawili wawili, mmoja anajifanya mvulana. Lakini ile "la" ya mazoezi ilikuwa ya mvulana mbaya. Huyu alikuwa mzuri kwangu. Hakuna mtu alitufundisha "la" ya mtu mzuri.

Nilivaa sweta miezi 5. Nyar Nyalenda hiyo sweta naijua. Unajua joto gani linakuwa ndani? Jasho linashuka mgongoni mpaka kiunoni na unatabasamu. Nilikuwa nachagua dawati la dirishani, na wakati wa michezo nilisema nina pumu. Nilikuwa nangoja mtu mmoja aniulize. Mtu aniambie tu, una nini? Walimu waliona, nina hakika waliona, mama wa kantini aliona maana alikuwa akiniongezea maharagwe. Hakuna aliyeuliza kwa sababu kila mtu alikuwa ananiheshimu.

Baadaye mwalimu mkuu wa shule niliyokuwa alimwambia mama nikae nyumbani "mpaka mambo yaishe", na mama hakujua kama kuna sera ya kurudi shule tangu 1994. Sisi tulifikiri ndio mwisho. Ni menta wetu alikuja nyumbani na karatasi ya mwongozo wa 2020 amechora mstari kwa kalamu nyekundu, akamsomea mama kwa Kijaluo, kwamba hawawezi kunifukuza, nitarudi, na nikitaka shule nyingine nisaidiwe kuhama. Nilihama. Nilimaliza. Mtoto ana miaka 4 sasa, ananiita kwa jina langu kwa sababu anasikia nyanya yake akiniita hivyo.

Jumamosi 2 alizokosa huyo msichana wako, mimi ningeuliza ni zipi.

#27 NyarNyalenda
Nimesoma hii nikiwa kwa matatu nikashuka kabla ya steji yangu.

Nimeangalia daftari. Ni tarehe za mwezi wa kumi na moja 2024, zinafuatana. Aliporudi niliweka tu alama ya kuhudhuria. Nakumbuka alikuwa kimya, nikasema ni mitihani. Yeye tumbo ni la majuzi, kwa hivyo hesabu hazilingani na hiyo, lakini kuna kitu kilikuwa kimeanza na nilikuwa na peni mkononi nikaweka alama.

#28 BabaShiru_Naks
Usijibebeshe yote dada. Ulikuwa na 34. Mimi nilikuwa na mmoja.

#29 JamaaWaSteji
Nilirudi, Mungu akubariki. Na yule wa hesabu?

#30 Nilirudi
Alihamia Nairobi kabla hata nijifungue. Mama hakutaka kesi. Wakili najua utakachosema.

#31 WakiliMtaani
Sitasema kitu leo, ila ukiwahi kutaka, kesi ya namna hii haizeeki. Nitumie ujumbe wa ndani wakati wowote.

#32 Webuye_Finest
Jamani mimi nina swali la pembeni, hiyo soda na mkate si ni bei sana? Uji wa wimbi sufuria moja unawatosha wote 34 na ni chini ya 300. Nilikuwa kwa kikundi cha kina mama tulikuwa tunafanya hivyo.

#33 Mama_Omena
Uji utiwe ndimu, watakuja hata wasioalikwa.

#34 KijanaBondeni
Na wavulana je? Nauliza tena. Huku Nakuru mimi niko tayari hata kufungua ya wavulana, sina chumba tu.

#35 MchungajiK
Kijana wa Bondeni, mimi pia niko Nakuru. Nitumie ujumbe. Chumba cha shule ya Jumapili kiko wazi Jumamosi yote.

#36 NyarNyalenda
Narudi na habari. Jana nilienda kwao. Sikumwita nje, niliketi tu jikoni na mama yake tukichambua mrenda, yeye akaja mwenyewe akakaa kando yangu akaanza kuchambua pia. Mama yake alipotoka kuchota maji nikamuuliza, una nini? Alivua sweta. Hakusema neno, aliivua tu akaikunja akaiweka kwa mapaja. Miezi 5 na kidogo. Hajaenda kliniki hata mara moja. Mama alikuwa anajua, alikuwa anangoja binti aseme na binti alikuwa anangoja mama aulize.

Kuhusu nani, hajasema na sijamsukuma.

Nimepata pia pahali pa Jumamosi, mama mmoja anayeuza samaki amenipa uwanja wake wa nyuma kuna kivuli cha mwembe, hatuna viti. Bado sijaamua nishike lipi kati ya yote mliyosema. Kwa sasa nina daftari na sufuria.

Nesi, mimba ya miezi 5 mtoto wa 16, naanzia wapi?

#37 Nesi_Siaya
Jumatatu asubuhi, kituo chochote cha serikali kilicho karibu, usingoje tena. Kwa kawaida inapendekezwa ahudhurie mara 8 na yeye amechelewa, lakini hajachelewa sana. Wampime damu, presha, mkojo, virusi, apewe vidonge vya madini ya chuma na foliki. Kwa umri wake presha ndio tunaogopa, kifafa cha mimba, kwa hivyo akilalamika kichwa kinauma sana, macho yanaona giza ama uso na mikono kuvimba, mkimbize siku hiyo hiyo, hata usiku. Na nesi akimfokea, toka naye ukaulize nesi mwingine. Wapo wazuri. Mambo ya nani mwenye mimba ayaseme akiwa tayari, lakini muulize kama yuko salama nyumbani na njiani.

#38 Mwalimu_Njoro
Na shule, usingoje ajifungue. Nenda ukamwone mwalimu mkuu sasa na huo mwongozo wa 2020 mkononi, mkiwa na mama yake, muombe jina lake libaki kwa rejista. Ikiwa ni gredi ya mtihani aendelee kuja mpaka atakapochoka mwenyewe. Nitakutumia nakala.

#39 Nilirudi
Nyar Nyalenda, Jumatatu niko zamu ya mchana, asubuhi niko huru. Kama atakubali nitakuja niende nanyi. Mwambie asivae sweta, kuna joto kwenye ile foleni. Nitakuwa kwa geti saa mbili kamili, nimevaa leso ya kijani, nitakuwa na mtoto.